Nusu Kikombe

Swaleh, waniuliza kwa simu kutoka Doha
baba ana nini hasa,
kama kwamba jina likitamkwa sawasawa
ugonjwa utaokota viatu vyake uende zake.

Pakinsoni, daktari alisema.
Baba akalizungusha mdomoni kama kokwa ya ukwaju,
akauliza, "Si yule meneja wa ghala la Shimanzi
aliyetunyima marupurupu ya Idd?"
Daktari alicheka. Mimi nilitazama kidole gumba chake
kikisugua cha shahada, kikisugua,
kama anayehesabu noti ambazo bado hajapewa.

Dalili zilipita mbele yetu tukazisalimu.
Mwaka juzi maziwa yaliungua hadi sufuria ikalia
naye ameketi pale pale jikoni na gazeti lake;
yeye, aliyekuwa akifungua kasha la chai
akakwambia kabla hajaona lebo:
hii ya Nandi, hii ya Limuru, hii ililala na mvua.
Tukamcheka. Nilimcheka mimi hasa.

Na mwandiko. Waukumbuka?
Zile herufi alizopaka ubavuni mwa makasha,
zasomeka toka ng'ambo ya reli?
Orodha ya sokoni siku hizi huanza SUKARI,
ikifika nazi imekuwa sisimizi,
na kitu cha mwisho sikukijua, nikanunua ndimu.
Alitaka ndizi.
Tukala ndimu.

Bi Mwanasiti wa ghorofa ya chini
aliniuliza baba kamkasirikia kwa lipi.
Nikamwambia uso wake wachelewa tu, Bi Mwanasiti,
furaha imeshatoka moyoni, yapanda ngazi.

Kidonge kwanza, mbaazi baadaye, saa nzima baadaye:
hilo ndilo tunaloligombania kila asubuhi,
mahamri yakipoa.

Mlangoni hukwama.
Miguu yake huganda kwenye sakafu
kama aliyesahau kubisha hodi kwake mwenyewe.
Siku moja nilimvuta mkono. Usifanye hivyo ukija.
Alijitoa, akasema, "Hesabu."
Nihesabu nini?
"Makasha."
Nikahesabu. La kwanza. La pili.
Kwenye la tatu mguu ukainuka,
tukavuka kizingiti na shehena nzima.

Vifungo vya shati simsaidii.
Nakaa nimekalia mikono yangu.
Ijumaa iliyopita ilimchukua dakika kumi na moja,
adhana imeshapita,
na kifungo cha juu kikaingia tundu la pili.
"Twende," akasema.
Nikamfikisha mlango wa msikiti hivyo hivyo.

Kuna jambo sijakwambia.
Jana nilimtilia chai nusu kikombe.
Sikusema kitu. Naye hakusema,
akakitazama kile kikombe muda mrefu
kwa ule uso usioeleza,
kisha: "Chai imeadimika Mombasa?"

Nikajaza. Nikajaza mpaka ukingoni, kwa aibu.
Akakishika kwa mikono miwili,
na safari ya kutoka mezani hadi mdomoni
ilikuwa ndefu, Swaleh,
na iliyofika ilifika.
Nikakimbilia tambara.
"Tulia," akasema, kwa sauti yake mpya,
ya chini, inayokulazimu usogee,
"miaka thelathini na moja ghalani
hakuna siku haikumwagika chai.
Daftari lina safu ya iliyomwagika."

Basi usitume pesa peke yake. Piga.
Akinyamaza usikate, neno li njiani.
Kitambaa cha meza nimekianika dirishani,
doa halikutoka.
Haya, saa nane yakaribia,
nakwenda kumpa kidonge.