Kijani Mwezi wa Nane

Kutoka juu ya mawe ya Ng'wabuki
ziwa tunaliona. Halituoni.
Limelala kule kama bati jipya juu ya nyumba ya tajiri,
na huku kwetu kisima cha mchangani
kinatoa ndoo moja, kisha kinakaa kufikiri.

Kaka yangu Lufungulo alilima pamba misimu saba.
Wa nane akarudi kutoka ghala la ushirika
na karatasi: anadaiwa yeye.
Aliikunja mara nne, akaitia chini ya mguu wa kitanda
uliokuwa mfupi,
na kitanda kikaacha kuyumba.
Ndiyo faida pekee niliyoiona.

Halafu baiskeli ikaanza kutoka usiku.
Madumu manne yamefungwa kwa mpira wa tairi,
taa hana, mluzi hana.
Mbuzi wake mbavu nje, wanalamba udongo wa mtungi.
Basi maji yote yale anayanywa nani?
Nilimuuliza. Akasema, "Mgeni."

Mgeni alikuwa ndani ya ngitili ya babu,
pori tulilotunziwa kwa ajili ya ng'ombe wa kiangazi,
na ng'ombe wenyewe waliisha kwa mahari na matanga.
Nyuma ya minyaa, nyuma ya migunga,
pale ambapo mkata kuni hupita akikohoa
ili nyoka wamsikie:
mashimo mia moja na ishirini, kila shimo na mche wake.
Bangi. Majani vidole vitano, vidole saba,
kama mikono inayoomba kitu, au inayokataa.
Sikuwahi kumwona Lufungulo akiongea na pamba.
Hii aliiinamia, akaipa pole kwa jua.

Mimi sikuvuta, sikuuza, sikusema.
Nilibeba ndoo. Andikeni hivyo.
Mara ya kwanza kwa ajili ya mgongo wake.
Mara ya pili kwa sababu sare ya Kabula ilikuwa imechanika begani.
Mara ya tatu sikumbuki sababu;
mkono ulikwisha kuzoea.

Tuliogopa mbwa. Tuliogopa shemeji mlevi,
sungusungu na filimbi zao.
Hakuna aliyetuambia tuiogope rangi.
Mwezi wa nane nchi nzima ni kahawia,
kahawia ya ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juani,
hata mawe yanaonekana yana kiu,
na katikati yake kiraka kimoja cha kijani
kinapiga kelele kama kengele ya misa.
Kijana aliyepanda mwambani kutafuta mtandao wa simu
alikiona. Hakuwa na ubaya.
Alishangaa tu, kwa sauti.

Walikuja askari wawili, mtendaji wa kijiji,
na mgambo mwenye viatu visivyofanana.
Waling'oa, wakahesabu: mia moja kumi na nane.
Ulimi uliniwasha niseme,
miwili ilikufa kwa mchwa.
Wakawasha moto palepale.
Moshi ukashuka polepole upande wa ziwa,
ukalifuata,
lile ambalo halijawahi kutufuata sisi.

Siku ya kumwona, Butimba,
nampelekea sabuni na michembe.
Kati yetu kuna wavu, na bwana jela anayetazama saa.
Haulizi mkewe, aliyerudi kwao na sufuria zote.
Haulizi Kabula kafaulu au kafeli.
Anaushika wavu kwa vidole vitano:
"Huko imenyesha?"

Ni mwezi wa kumi na mbili.
Mashimo yake yote yamejaa majani makavu na upepo.
"Imenyesha," nasema. "Juzi, usiku kucha.
Hata mashimo yako yamejaa."
Akacheka, mara ya kwanza tangu hukumu,
kisha akaniagiza nipande choroko mle,
kwa mistari,
na nisiwe mvivu.