Chumvi ya Mayai

Nauli ya Tanga ililala KCMC,
kitanda cha tatu kutoka dirishani,
chini ya mgongo wa mama mkwe wangu.
Sikuwa na jinsi ya kuwaambia watoto.
Ndeshi alikuwa ameshaikunja nguo yake ya kuogelea
ndani ya mfuko wa unga, tangu Jumatatu.

Basi baba yao akaazima pikapu ya shemeji,
ile ya kubebea mikungu,
tukatoka Pasua jua halijapanda,
Kibo kimejifunika shuka hadi puani.
Boma Ng'ombe tukaiacha lami
na vumbi likatupaka wote kabila moja.
"Bahari iko huku?" akauliza Kaanaeli.
"Iko," baba yake akajibu, "ila ndogo. Bado inakua."

Chemka. Maji yametulia chini ya mikuyu,
ya buluu, na bado unaviona vidole vya mguu wako
na visamaki vinavyokuja kuvidonoa
kama wadai.
Hakuna mchanga. Hakuna kombe.
Ndeshi juu ya mzizi, mikono kiunoni,
mkaguzi wa miaka tisa:
"Mawimbi yako wapi?"
Elirehema akavua shati,
mwanaume ambaye sijamwona akikimbia tangu harusi,
akashika kamba, akaruka na tumbo lake lote,
na wimbi likaja, jamani, likaja hasa,
likaondoka na ndala yangu ya kushoto mpaka leo.

Wakati wa kula Kaanaeli akateka maji kwa chupa,
akaonja, akatema.
"Hayana chumvi. Mmetudanganya."
Kimya.
Hata baba yake, mwenye jibu la kila kitu,
akaanza kumenya yai lililokwisha kumenywa.
Ndipo nikakifungua kile kikaratasi cha gazeti,
chumvi ya mayai, yote,
nikaimimina kwenye chupa, nikatikisa.
"Onja sasa."
Akaonja. Akakunja uso kwa furaha.
Mayai tukayala hivyo hivyo, yanakwama kooni.

Chupa hakuiachia njia nzima.
Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imebaki robo;
tukaingia na vumbi letu, mlinzi akaguna.
"Bibi, tumekuletea bahari."

Sasa, mama huyu alikata mkonge Tanga miaka sita
kabla hajaolewa na kupandishwa mlimani.
Bahari anaijua. Aliwahi kuniambia
inanuka sarafu, na nguo zisizokauka.
Akachovya kidole, akalamba,
akanitazama mimi, si mtoto,
kwa muda mrefu.
"Ndiyo yenyewe," akasema. "Hata sauti yake naisikia."

Kisha akauliza kama kuna yai lililobaki.
Lilikuwepo moja.
Akalimenya polepole,
ganda akalitia kiganjani mwa Ndeshi,
"Shika kombe lako,"
yai akalichovya baharini,
akala.