Koti la Gwamaka

Saa nane na dakika kumi na moja za usiku
simu ilitetemeka juu ya debe la mahindi,
mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.
Nikadhani ni mvua imerudi kwenye bati,
maana mvua ya Tukuyu haina ratiba.

Asubuhi Gwamaka akanisomea meseji, kama kawaida yake.
Laki moja na themanini elfu. Imetoka.
Laki moja na themanini elfu. Imetoka.
Tisini na sita elfu, mia nne. Imetoka.
Duka la viatu, mji nisiowahi kufika.
Mimi, mwenye raba jozi moja na mabuti ya shamba!

Ilikuwa hela ya maparachichi,
kreti sitini na mbili, nilizihesabu kwa mgongo.

Hapo ndipo akili ilipoteleza.
Nani anajua kadi inalala ndani ya Biblia?
Nani alinifundisha kubonyeza?
Nani juzi kaja na viatu vipya?
Nikalitwaa koti lake msumarini,
nikaigeuza mifuko nje:
kalamu, njugu tano,
picha ya dada yangu, yaani mama yake, kabla hajaugua.
Yeye alikuwa mlangoni na ndoo ya maji.
Akaiweka chini.
Halikumwagika hata tone.

Sasa wewe, Subilaga, unanipigia unalia
kwamba makato yamekukuta na wewe,
unauliza mimi nilifanyaje.
Nitakwambia nilivyofanya na nilivyokosea,
vyote kwa mpigo, salio langu dogo.

Usichemshe hata chai. Piga namba iliyo nyuma ya kadi,
waifunge. Mimi nilichelewa nusu siku,
na makato mengine mawili yakapita
mikono yangu ikiwa mifukoni mwa mtoto wa watu.

Atakupigia mtu mwenye sauti ya asali,
atajiita wa benki, ataomba namba ya siri
ili akurudishie chako. Mkatie simu.
Tangu lini mlinzi akabisha hodi
kuuliza ufunguo umeufukia wapi?

Kisha nenda mjini, hata kama ukungu haujapanda.
Usiseme "nimeibiwa" ukakaa kwenye benchi.
Dai taarifa ya akaunti, karatasi yenye muhuri,
isome kwa kidole, mstari kwa mstari, hata vidogo,
hasa vidogo: wiki moja kabla, shilingi mia saba.
Mwizi huonja kwanza, kama mpishi na chumvi.
Jaza fomu ya kupinga. Polisi wakupe RB.
Toa nakala. Andika jina la aliyekuhudumia.
Wangu aliitwa Tumwitike, binti mwenye mafua,
akasema, "Mama, siku arobaini na tano,"
akapenga kamasi, akauliza:
"Namba za kadi hujawahi kumtajia mtu?"

Nikakumbuka mbolea.
Ile ya bei ya kutupa, ya kwenye picha ya simu.
Yule kijana mpole aliyepiga baadaye.
Nilimtajia namba zote, mbele na nyuma ya kadi,
kwa sauti, nimevaa miwani, kama nasoma Zaburi.

Viatu vya Gwamaka ni mtumba wa mnadani,
kavinunua kwa ujira wa kuchuma chai.

Fedha zilirudi siku ya thelathini na tisa,
pungufu ya ile mia saba, sikuidai.
Nikamuuliza Tumwitike kama kuna fomu nyingine.
"Ya nini, mama?"
Nikasema basi, nimesahau.

Gwamaka bado ananisomea meseji.
Bado ananiamkia, "Ugonile, mama."
Ila kila jioni, kabla ya kuingia,
analivua koti pale kizingitini,
anaigeuza mifuko nje yote miwili,
ndipo analitundika.

Piga namba kwanza, Subilaga.
Koti liache msumarini.