Daftari la Jumamosi

Mstari wa kumalizia nauchora kwa jivu,
jivu la jikoni kwangu, kopo moja kila wiki,
kutoka nguzo ya stima hadi meza za kuanikia omena.
Hakuna kiingilio. Hakuna zawadi.
Kuna mtungi wa maji, vikombe sita, na daftari hili
lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.

Saa kumi na mbili na nusu wanaondoka:
Makokha wa buchari;
askari Wandera, mshipi ameuacha nyumbani, tumbo limefurahi;
vijana wa sekondari, miguu mitupu,
wanaruka madimbwi kama waliomwona mdai.
Kilomita tano: ufuo, mpunga, tuta la Nzoia, kisha kurudi.
Njia ni ya ng'ombe. Ukiwakuta, unasubiri.

Na Nabwire.
Nabwire, goti lake moja lina maoni yake.
Dakika sitini na nne, sitini na sita,
siku moja sabini na tisa, kwa kuwa alisimama
kumsaidia mtu kukamata mbuzi.
Nami nangoja na kalamu, jivu likipeperuka,
wenzake wamekwisha kunywa chai na kwenda sokoni.
"Umeniandika?"
Nimekuandika.
Lazima aone kwa macho yake:
wa thelathini na nane kati ya thelathini na nane.
Anacheka, anarudi nyuma kidogo
jasho lisije likadondokea karatasi.

Mei, mto ukaja.
Ukabomoa tuta, ukaingia bila hodi,
ukala mpunga, ukala njia yetu yote hadi kwenye nguzo.
Tukapanda shule ya msingi, magodoro vichwani.
Jumamosi ile nilitoka darasani kwa mazoea tu,
daftari kwapani. Jivu lilikuwa tope.
Nilichora mstari kwa kisigino.

Akaja, viatu mkononi.
"Tunaanza?"

Akauzunguka uwanja, ardhi iliyobaki,
mara kumi na saba,
nikihamisha punje za mahindi toka mfuko huu kwenda ule.
Watoto walimfuata mzunguko mmoja, miwili,
wakachoka, wakakumbuka uji.

Nikaandika: Nabwire, wa kwanza.
Akasoma. Akanyamaza.
Kisha akaichukua kalamu,
na mbele ya maneno yangu, herufi moja moja,
akaongeza: na wa mwisho.

"Nafasi yangu hiyo," akasema,
akinirudishia kalamu. "Maji yakishuka
nitaikuta."