Paundi Mia Tisa

Mererid alitaka ya mbao.
Nilijua tangu alipoiona kule Porthmadog,
kwenye banda la fundi Idwal,
imelazwa kifudifudi juu ya matairi mawili,
vanishi yake rangi ya chai ya rangi.
Alivua glavu akaipapasa ubavu
kama mtu anayempapasa farasi asiye wake.
Idwal alitaja bei,
akaishusha kabla hatujajibu,
na hapo ndipo nilipoogopa.
Nikabonyeza ubao karibu na mkuku.
Kidole kikazama.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Wahenga hawakusema kitu juu ya kikuukuu.

Ya pili ilikuwa ya kijana Macsen:
nyembamba, nyepesi, matanga matatu,
na waya wa kumning'iniza mtu nje, juu ya maji,
miguu ukingoni, mgongo kwa Mungu.
"Unauza kwa nini?"
Mwenzake amehamia Leeds.
Mashua ya watu wawili, mmoja akiondoka,
inakuwa pambo la bustani, majani yanaijaa.
Aliitazama alipokuwa akisema hivyo,
hakututazama sisi.

Usiku ule tulijipima kwenye mizani ya bafuni,
mimi na wifi yangu, tumekumbatiana ili tuenee,
kaka yake akisoma namba kwa tochi:
kilo mia thelathini na moja na nusu.
"Pamoja na viatu?" akauliza Mererid.
Ana miaka hamsini na mmoja.
Goti langu lina skrubu.
Waya tukauacha uwasubiri wengine.

Ya tatu ilikuwa plastiki, nzito, ya shule,
imegonga gati miaka kumi na haijali.
Hupinduka polepole kama mtu anayeomba radhi.
Ingetufundisha, sikatai.
Lakini ziwani kwetu hakuna mwingine mwenye kama hiyo;
tungeshindana na saa ya mkononi,
na saa haikuzibii upepo,
haikupigii kelele kwenye boya,
haikununulii chai baadaye.

Basi tukarudi uani kwa klabu yetu, Bala,
tulikopaswa kuanzia,
tukazihesabu zilizolala chini ya maturubai:
kumi na saba za aina moja,
kijivu, hazina sura,
mojawapo ina kibao cha kuuzwa kilichofutwa na mvua.

Mimi nafua mashuka ya hospitali, Bangor,
mwaka wa ishirini na mbili sasa.
Sijui sana pepo. Kitambaa nakijua.
Tanga zima ukilikunja hulalamika, kama karatasi;
lililochoka hunyamaza.
Lile kubwa lilinyamaza.
Lile dogo la mbele likalia vizuri.
"Mia saba na hamsini," nikasema, "na toroli lake."
Mwenyewe akakuna shingo, akakubali.
Zilizobaki mia na hamsini
zikaenda kwenye kamba, maboya ya kuvaa,
na ada ya mwaka.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama.
Sisi tulikuwa wawili tu. Tulitosha.
Jumapili ya kwanza nilishika usukani,
Mererid akashika demani ya tanga la mbele,
akasema "sasa!" nikasikia "ngoja!"
na boya la kwanza tukalikumbatia
mbele ya watu kumi na sita wenye mashua kama yetu,
ambao kila mmoja alijua kosa letu ni lipi
kwa sababu alishawahi kulifanya.
Tukawa wa mwisho.
Tulifua maji kwa kopo la rangi mpaka gatini,
tukicheka, vidole haviwezi kufungua fundo.

Wiki iliyopita Idwal alipiga simu.
Bei imeshuka tena.
Sijamwambia Mererid.