Soksi ya Idwal

Fundi Tegid alikuja Jumanne, mvua ya Wales begani,
akavua viatu mlangoni bila kuambiwa.
Nikasema moyoni: huyu kalelewa.
Nikamwonyesha jiko, limekaa boksini tangu Septemba,
jeusi, zito kama deni.
Kazi ya saa moja, mwanangu, nikamwambia.
Unaliweka pale, unachomeka bomba, unapiga kiberiti.
Chai itakuwa tayari.

Chai ilipoa.

Alipiga magoti mbele ya dohani, tochi mdomoni,
akaingiza brashi ndefu, akasukuma, akasukuma,
na juu ya shuka langu kuukuu vikaanguka
vijiti, manyoya, utepe wa zawadi ya mtu,
debe zima la kiota, kisha la pili.
Kunguru wa Bethesda walikuwa wamejenga humo
miaka yote ambayo kodi ya nyumba nalipa mimi.

Nikadhani yamekwisha. Akatoa futikamba,
akapima toka jiko hadi boriti ya mwaloni.
Hii, nikamwambia, ni ya babu yake mume wangu,
ilitoka kanisani walipolivunja.
Akasema, Bi Heulwen, ubao haujui ulikotoka.
Unakauka kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka,
halafu usiku mmoja unashika moto
bila hata kuguswa na mwali.
Nikanuna. Tukaipandisha shubiri mbili.

Akalaza chini bamba la jiwe, jiwe la mlima huu huu
uliokula mapafu ya baba yangu,
akaweka pimamaji juu yake, akangoja kile kipovu
kitulie katikati.
Nami nikashusha pumzi.

Kisha akawasha kidonge cha moshi ndani ya dohani
na kupanda juu kunusa.
Nilimsikia akitembea katika chumba cha Cadi,
mjukuu wangu, anayekuja kila Ijumaa
na mdoli wake asiye na jicho.
Kimya.
Njoo uone, akaita.
Moshi ulikuwa ukitoka ukutani,
kwenye ufa nyuma ya karatasi ya maua,
mwembamba kama uzi unaotafuta sindano,
kiganja kimoja tu juu ya mto.

Sikutaja tena ile saa moja.
Jumatano akashusha bomba la chuma toka paani hadi chini,
utumbo mpya ndani ya mwili mzee.

Alhamisi akatafuta tundu la hewa.
Halipo, nikasema. Nyumba ya umri huu, akasema, lipo.
Akalikuta nyuma ya kabati, akapenyeza vidole viwili,
akavuta
soksi. Ya kijani. Kisigino kimetiwa kiraka
kwa uzi mwekundu, uzi wangu mimi.

Idwal hakupenda baridi ya miguuni.
Vipupwe kumi na viwili tuliketi hapa mbele ya makaa,
vichwa vikituuma kila Jumapili jioni,
yeye akilaumu mahubiri, mimi nikilaumu umri.

Wahenga walisema panapofuka moshi hapakosi moto.
Hawakusema neno juu ya kile kisichofuka,
kisicho na rangi wala harufu,
kinachokujia kama usingizi uliouomba mwenyewe.

Fundi hakucheka. Alinipa soksi kwa mikono miwili.
Akafunga kengele ndogo nyeupe ukutani, akaibonyeza,
ikalia hadi mbwa wa jirani akaitikia.
Ukiisikia, akasema, usitafute koti. Toka.

Ijumaa tuliwasha. Moto mdogo, kuni kavu tupu,
maana chuma kipya nacho hufundishwa taratibu.
Upepo ukaingia tunduni, ukanishika vifundo vya miguu,
nikauacha.
Cadi akauliza, Bibi, mbona umevaa soksi moja?
Nikamwambia, ya pili
sijui aliziba wapi.