Utepe Sakafuni

Bi. Lindqvist alibandika utepe wa buluu sakafuni
kutoka dirishani hadi kabati la ramani.
Mwisho huu: NAKUBALI. Mwisho ule: NAKATAA.
Ubaoni akaandika, bila haraka:
Mwalimu aruhusiwe kuwa na bunduki darasani.
"Simameni mnapoamini," akasema,
"si anaposimama rafiki yenu."

Ilikuwa Novemba, kaskazini mwa Wisconsin,
wiki ya kuwinda kulungu; viti vingi vitupu.
Kolten alikuwepo. Wake alishampata Jumamosi,
dume la pembe nane,
na damu kavu ilikuwa bado pembeni mwa kucha.
Alikwenda NAKUBALI kama mtu anayerudi kwao.
"Babu alinifunza nina miaka tisa.
Kwanza usalama, kisha shabaha, kisha sala.
Bunduki haina nia. Nia ni ya mtu."

Pa Houa akaenda mwisho wa pili,
mgongo ukigusa kabati.
"Babu yangu naye alipewa yake, miaka kumi na mitatu,
msituni, Laos. Sala hakufunzwa.
Mpaka leo hulala akiutazama mlango."

Kimya kikatanda,
mpaka Dashiell alipokivunja:
"Bi. Lindqvist anatafuta miwani yake kila asubuhi
nayo iko kichwani.
Huyo ndiye mnataka kumpa bastola?"
Tukacheka. Naye akacheka,
akajigusa nywele, na miwani ilikuwepo.

Ximena hakucheka.
"Sitaki bunduki, sitaki hotuba.
Nataka mlango unaofunga.
Huu wetu huinuliwa kwa goti ndipo ukubali."

Mimi nilisimama katikati, mguu mmoja juu ya utepe.
Wakanizomea: popo wewe, si ndege si mnyama.
Sikuwaambia kwamba chumbani kwa baba kuna kasha la chuma,
na namba ya kulifungua ni tarehe niliyozaliwa.
Aliichagua ili asiisahau.
Hakuna aliyewahi kuniuliza kama naijua.

Kisha kengele. Si ya mapumziko, ile nyingine.
Taa zikazimwa. Ximena akauinua mlango kwa goti.
Pale pembeni kuna utepe wa zamani, wa njano, umechakaa:
ukikaa ndani yake, aliye kwenye kioo cha mlango hakuoni.
Waliokubali na waliokataa tukajibana humo,
ishirini na wawili, bega kwa bega,
karibu na ndoo na mfuko wa mchanga wa paka
tuliowekewa endapo tutakaa saa nyingi.
Kolten alikunja miguu yake mirefu isimguse Pa Houa,
kisha nafasi haikutosha, ikamgusa,
hakuna aliyesogea.

Wahenga wanasema ajali haina kinga.
Lakini kitu chenye kengele yake,
chenye ndoo yake, chenye fomu ya mzazi kutia sahihi,
kitu tulichokifanyia mazoezi tangu chekechea
tukiambiwa tujifanye sungura,
hicho nacho ni ajali?

Kitasa kikatikiswa. Mara mbili.
Ni mwalimu mkuu, anahakikisha tumefunga.
Tunajua ni yeye.
Tunajua.
Mtu alikuwa ameushika mkono wangu wa sweta
na sikugeuka kumtazama ni nani.

Taa ziliporudi, Bi. Lindqvist alisema, "Tulikuwa wapi?"
Hakuna aliyerudi mahali pake kwenye utepe.
Dashiell aliubandua kwa kiatu, akautengeneza mpira.

Jioni nilimkuta baba akikwangua barafu kwenye kioo cha gari.
Nikamwambia: badilisha namba ya kasha.
Na ukishabadilisha, usiniambie.

Akasimama, kikwanguo hewani,
pumzi yake ikitoka nyeupe.
Aliniuliza kama sijiamini.
Nikamwambia leo najiamini, baba.
Ila sijui Machi nitakuwa nani.